Sauti ya Katikati

Mwalimu wa kwaya alinifukuza mara nyingi kuliko mwenye nyumba yeyote niliyewahi kupanga kwake. Alinifukuza kwa kuchelewa. Alinifukuza kwa kukohoa. Alinifukuza kwa kumcheka mama mmoja wa sauti ya kwanza aliyeangusha kiatu wakati wa ukimya. Karibu kila mara Jumapili iliyofuata nilirudi, nikasimama mahali pangu kwenye safu ya besi, naye akaanza kazi kana kwamba hakuna mtu aliyemfukuza mtu. Tuliishi hivyo, yeye na mimi, tangu miaka ile tuliporudi nchini hadi mvi zikatumaliza wote wawili.

Jina lake silitaji. Hapa Nyakabanda, mtaa wetu wa Kigali, ukilitaja, watu watakuuliza, "Nani huyo?" Ukisema Mwalimu wa kwaya, hata muuza makaa atakuonyesha mlango wa kijani. Habari za ukoo wake sizijui vizuri, na nisichokijua sikiandiki. Najua tu kwamba alitoka Bujumbura kama mimi, ndiyo maana tulizungumza Kiswahili. Kinyarwanda tulikitumia mbele za watu, kwa heshima. Kiswahili kilikuwa cha kugombania.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Anayetaka kunicheka aitazame kwanza meza anayolia chakula, huenda ni mimi niliyeitengeneza. Kalamu naishika kama ninavyoshika patasi, lakini naishika.

Basi, mtu mwenyewe alikuwa hivi. Mwanamke mfupi, mkavu, kitambaa cha kichwani hakijawahi kukaa upande. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na uma wa chuma wenye meno mawili, yeye aliuita diapazoni. Aliugonga gotini, akauweka sikioni, akapata sauti moja tu, na kutoka kwenye hiyo moja akatugawia zote. Hakutumia kinanda. Alisema kinanda kinawafanya watu wavivu, kama mtu anayetembea ameshikilia ukuta.

Akipita karakana yangu alisimama nje kusikiliza msumeno. "Seremala, leo umepanda," ananiambia. "Jana ulikuwa chini kidogo."

"Ni ubao mwingine, Mwalimu."

"Nimejua ni mwingine. Ndiyo maana nimekuambia."

Neno la sifa hakuwa nalo. Tukiimba mpaka watu kanisani wanafuta machozi, yeye alisema, "Sijaridhika." Tukiimba vibaya alisema, "Rudia." Kwa hiyo sisi tulijua kwamba "Sijaridhika" ndiyo zawadi yenyewe, na tulikwenda nyumbani nayo tukiwa na furaha. Nilimwona siku moja anamwambia padre "Sijaridhika" baada ya mahubiri. Padre alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikatuota vichwani: sauti ya mtu isitoke nje peke yake. "Kwaya si soko," alisema. "Sokoni kila mmoja anamwita mteja wake." Kijana akija na sauti nzuri, anaitupa juu ya wenzake ili asikike, Mwalimu hakumkemea. Alimsimamisha katikati ya wazee wawili wenye sauti nzito, ili wamfunike. Baada ya muda kijana anajifunza, au anahama dini. Na mtu akisifiwa peke yake mlangoni baada ya misa, Mwalimu alimwita pembeni: "Wamekusikia wewe? Basi umetuharibia."

Ukimsikia akisema hivyo ungedhani nyumbani kwake kuna ukimya. Oya, hapana. Nyumbani kwake kulikuwa na amplifaya ya marehemu mumewe, ya chuma kizito, vifungo vikubwa vya kuzungusha, na mashine ya sahani za muziki juu yake. Siku ya kurudi kutoka Bujumbura aliifunga ndani ya godoro, akaipa kiti cha mbele kwenye lori karibu na dereva, yeye mwenyewe akaketi nyuma juu ya magunia. Spika zake za mwanzo zilivunjika njiani. Maboksi ya sasa nilimtengenezea mimi, kwa mbao ngumu za libuyu, viungo bila msumari hata mmoja. Hayajapasuka mpaka leo.

Alikuwa akicheza kwaya za watu mchana kutwa, kwa nguvu, mlango wazi. Jirani mmoja alilalamika. Kiongozi wa mtaa akaja kumwonya juu ya kelele. Mwalimu akamkalisha, akampa chai, akamwambia, "Kabla hujaniandikia kosa, nisikilizie sauti ya pili hapa, wale wanawake wa nyuma. Unawasikia?" Yule bwana hakuwasikia. Mwalimu akarudisha sindano nyuma. Akarudisha tena. Bwana aliondoka sahani ilipokwisha upande wa pili, akiwa amewasikia, na mlango ukafungwa nusu. Hayo ndiyo yakawa makubaliano: nusu.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha maisha yote.

Alitunga wimbo wa Pasaka. Wimbo mzuri, mimi sisifu ovyo. Na ndani ya wimbo huo, yeye aliyechukia sauti inayotoka nje, aliweka sauti moja ya katikati inayouliza, na sisi wote tunaijibu. Nilimuuliza, "Mwalimu, na sheria?" Akasema, "Hii haitoki nje. Hii iko ndani, ninyi mko pande zake." Haya.

Alimchagua dada mmoja mpole, akamfundisha miezi. Asubuhi ya Pasaka yule dada akaamka na malaria. Na siku hiyo ndiyo aliyokuja mtu wa redio na mashine yake ya kanda na maikrofoni mbili, moja akaielekeza kwa wanawake kushoto, nyingine kwa wanaume kulia. Hapakuwa na mwingine aliyeijua sehemu ile. Mwalimu akasimama katikati, akaimba mwenyewe.

Baada ya misa watu walimshika mikono. Mimi nilingoja wapungue, nikamwendea uani, nikamwambia, "Mwalimu, ubeti wa pili ulishuka."

"Nani alishuka?"

"Wewe."

Kushuka, kwa asiyejua, ni kuanza kwenye sauti sahihi kisha kuteleza chini yake kidogo. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Kwa mwalimu wa kwaya ni sawa na kumwambia seremala kwamba meza yake inacheza. Alinifukuza, na safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, mpaka Pentekoste. Niliporudi hatukulizungumza, ila halikuisha. Nikimwambia mguu wa kiti chake unahitaji gundi, ananijibu, "Umeona vizuri, au umeona kama ulivyosikia Pasaka?" Miaka na miaka.

Kanda ya siku ile alipewa nakala. Hakuicheza. Alisema mashine yake ya kanda imekufa, na kweli ilikuja kufa, lakini hata kabla haijafa hakuicheza.

Halafu masikio yakaanza kumwacha. Alikuja karakana, akasimama, akasikiliza msumeno, hakusema kitu. Nikazima. Akaniambia, "Haya, washa. Nilikuwa nangoja uanze." Nilikuwa nimekata ubao mzima. Ndipo akanieleza: daktari amepima, sikio la kulia limekwisha, la kushoto liko njiani.

"Seremala, mimi siogopi kuwa kiziwi," alisema. "Naogopa kuwa kiziwi kabla sijajua kama nilishuka. Ukibaki peke yako unayejua, utanisema mpaka kaburini."

"Nitakusema, ndiyo."

"Basi nataka nisikie mwenyewe. Sasa hivi, wakati bado kuna kitu kimebaki."

Kiongozi mpya wa kwaya, mwanaume wa makamo mwenye watoto wawili aliyewekwa kumsaidia Mwalimu, alikuwa amezihamisha kanda zote za Mwalimu kwenye kompyuta ya nyumbani kwake Mwalimu. Si ile ya kukunja. Ilikuwa ile ya mezani, boksi la bati chini ya meza, iliyotoka ofisini kwa binti wa Mwalimu, yule anayekaa mtaa wa Nyarutarama. Vispika vyake vya plastiki vilitoa sauti ya mbu. Binti akaleta spika isiyo na waya, ukubwa wa kopo la maziwa. Mwalimu aliiweka sikioni kama simu, akairudisha. "Inapiga kelele, haiimbi." Alichotaka ni kompyuta iimbe kupitia amplifaya ya mumewe. "Maboksi yako nayasikia kwa mkono," aliniambia. "Nikiweka kiganja, besi inanifikia. Njoo Jumamosi baada ya umuganda. Waya nimenunua."

Nilikwenda na matope ya mfereji tuliokuwa tunazibua kwenye ile kazi ya pamoja ya mtaa bado yako mguuni. Waya wenyewe ulikuwa na mdomo mmoja mwembamba upande wa kompyuta, na midomo miwili, mwekundu na mweupe, upande wa amplifaya. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na safu ya matundu yenye maandishi, na mimi maandishi madogo hatuelewani. Nikachomoa waya wa mashine ya sahani, nikachomeka hapo, kwa sababu matundu mengine yalikuwa na vumbi na hayo yalikuwa safi. Mwalimu akabonyeza wimbo.

Yewe! Ilitoka ngurumo iliyotikisa vikombe kabatini.

"Hiyo ni kwaya au ni mashine ya kusaga?" alipiga kelele. Hata yeye aliisikia!

Nikazima. Mashine ya sahani sauti yake ni dhaifu, na tundu lake linaikuza mara nyingi. Sauti ya kompyuta tayari ina nguvu, ukiipitisha pale inapasuka. Hilo nimelijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba tundu limekataa, nikasafisha mengine kwa kitambaa, nikachomeka kwenye ya mwisho kabisa.

Tukawasikia. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Nilisikia besi yangu ya ujana, nikanyoosha mgongo. Mwalimu alikuwa amepiga goti, kiganja juu ya boksi, sikio la kushoto limegusa ubao.

Ikafika pale anapoingia yeye. Hakuingia.

Kwaya ilijibu, ikanyamaza, ikajibu tena. Katikati palikuwa patupu. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea kwenye simu, unasikia majibu, humsikii anayeuliza.

Alinyanyuka. Hakunitazama. Alichukua simu, akaifungulia sauti ya nje, akampigia kiongozi wa kwaya, na kwa kuwa viziwi huongea kwa nguvu, mtaa mzima ulipata habari.

"Wewe! Umenifuta!"

"Mama, nimefuta nini?"

"Mimi! Kwenye wimbo wangu mwenyewe! Ulisema unataka kinanda, nikakataa, sasa umenitoa!"

"Mama Mwalimu, sijatoa kitu. Tuko bado kwenye mkutano wa umuganda, nakuja."

Wimbo ulikuwa unaendelea. Ubeti wa pili ukaanza. Nikamwona ameacha simu. Akatoa diapazoni, akaigonga gotini, na safari hii hakuiweka sikioni. Aliikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kwa sababu mfupa ulikuwa bado unasikia. Mkono mwingine juu ya boksi. Akakaa hivyo, akilinganisha. Kisha uso wake ukafunguka.

"Seremala! Mmeshuka!"

"Nini?"

"Ninyi! Kwaya nzima! Anza tena usikie mwenyewe. Ubeti wa kwanza mko sawa na chuma, wa pili mko chini yake. Ni ninyi mlioshuka! Miaka yote hii!"

Tulirudia. Ilikuwa kweli. Wanawake, wanaume, wote chini. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi damu ilinipanda.

"Wewe hukusikika humo," nilimwambia. "Utajuaje?"

"Kutosikika si kosa."

"Haya. Umeshinda. Nakwenda kuoga." Nikachukua kofia.

Nilikuwa nimefika mlangoni. Mtu mwingine angeniacha niende, akafa na ushindi wake. Yeye alikuwa amesimama na kiganja juu ya boksi langu, kicheko kimemwisha.

"Kaa," alisema. "Sijaridhika."

"Kwa nini? Ushahidi si unao?"

"Mshitakiwa mwenyewe hayupo ndani. Kesi gani hiyo? Nataka nijisikie. Kaa, tumtafute."

Kiongozi wa kwaya akaingia, jembe ameliacha nje, buti mkononi. Hakujibu matusi. Aliinama, akachomeka hedifoni zake mbele ya kompyuta, akasikiliza macho chini.

"Mama, uko humu," alisema kwa nguvu, ili asikie. "Uko katikati kabisa. Iko safi."

Mwalimu alizivaa, akazivua. Zilikuwa ndogo mno kwa masikio yake. "Kama niko humo, mbona kule siko?"

"Ni waya, Mama." Akatueleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Aliyesimama katikati aliingia kwenye maikrofoni zote mbili sawasawa. Waya usipokaa vizuri, ile njia ya tatu inayozitenganisha pande mbili inakatika, na kila kilicho sawa kushoto na kulia kinajila chenyewe. Wa pembeni wanabaki. Wa katikati anapotea.

"Kwa hiyo sikufutwa," alisema Mwalimu.

"Hukufutwa, Mama. Kesho nitaleta waya mwingine kutoka mjini."

"Oya. Kesho ni ya masikio ya nani?"

Tukaikokota kompyuta kutoka chini ya meza. Niliwasha tochi ya simu nyuma yake, na hapo hapo niliona. Tundu lilikuwa limezama ndani ya bati, na shingo ya plastiki ya ule mdomo mwembamba ilikuwa nene kuliko nafasi. Ilikuwa imegota kwenye bati, pini haijafika mwisho. Nikatoa kisu changu cha mfukoni.

"Mzee, utakata nyaya za ndani," alisema kiongozi wa kwaya.

"Milango mingapi imekataa kuingia kwenye fremu zake hapa Kigali, nikaipunguza ikaingia?"

"Huo si mlango, Mzee."

"Unaingia mahali. Ni mlango. Shika tochi."

Nilichonga shingo ile pole pole, pande zote, kama unavyochonga ulimi wa ubao, ukijaribu, ukitoa, ukichonga tena. Vipande vyeusi vikaanguka sakafuni. Mwishowe nikausukuma, ukazama, ukalia tik.

"Cheza," nilimwambia kiongozi wa kwaya.

Mwalimu wa siku ile akaingia. Alisimama katikati ya maboksi yale mawili kana kwamba yuko pale pale chumbani, penye meza yenye kitambaa cha maua, ana umri alio nao binti yake sasa. Sikuwa nimekumbuka kwamba alikuwa na sauti ile. Ubeti wa kwanza alikuwa juu ya chuma, hana hata unywele wa kosa. Nilimwona akiitikia kwa kichwa, diapazoni nyuma ya sikio.

Ubeti wa pili akashuka.

Kidogo tu, kama mtu anayekosa ngazi ya mwisho gizani. Kwaya ilikuwa bado juu, yeye chini, peke yake, nje, kanisa zima likimsikia kama lingejua kusikiliza. Muda wa pumzi moja. Halafu besi ikateremka chini yake. Sauti ya tatu ikaifuata besi. Ya pili ikaja. Ya kwanza ikaja mwisho. Mstari ulipokwisha sote tulikuwa pale alipo, na hapakuwa na kosa tena mahali popote.

"Rudia," alisema.

Kiongozi wa kwaya akarudia. Kisha akarudia tena. Mwalimu alihamia kwenye boksi la kulia, la wanaume, viganja vyote viwili juu yake. Kisha akaninyooshea kidole kimoja nizime.

"Nilishuka," alisema.

"Ulishuka."

"Halafu mkaja."

"Ndiyo."

"Nani alianza?"

"Mimi. Safu ikanifuata."

"Nani alikuambia?"

"Wewe, Mwalimu. Sauti ya mtu isitoke nje peke yake. Ulitupigia kelele miaka mingapi?"

Alinitazama kama anayepima ubao. "Sasa kama mlinifunika, kwa nini ulikuja uani kuniambia?"

"Kanisani tulikufunika. Uani nilikuambia. Ni vitu viwili."

"Na miaka yote hii hukuwahi kusema kwamba mlinifuata. Ulisema tu nilishuka."

"Ulinifukuza kabla sijamaliza."

Kiongozi wa kwaya alicheka, akajuta, akafunika mdomo. Mwalimu akamgeukia. "Na wewe nimekutukana, mtaa mzima umesikia."

"Si kitu, Mama."

"Ni kitu. Jumapili nitakuomba radhi mbele ya kwaya, kwa nguvu ile ile. Sasa nawa mikono, ule." Kisha akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Na wewe toka. Una matope kwenye zulia langu."

Nikatoka. Nilipofika kwenye kioski cha jirani wimbo ulianza upya nyuma yangu, mlango wazi wote, si nusu.

Jumapili nilirudi. Radhi iliombwa, na kanisa lilitetemeka. Tulipojipanga nilimkuta hayuko mbele. Mbele alikuwa kiongozi mpya, ameshika ile diapazoni kama mtu aliyepewa yai. Mwalimu alikuwa kwenye safu ya besi, mahali pangu, viganja vyote viwili juu ya mbao za benchi, ili besi imfikie.

"Sogea," aliniambia.

Nikasogea.